Injini Ikigonga, Usikimbilie Kuuza Ng'ombe!

Wengi wetu vijana wa mjini tunalijua gari kwa redio na rimu zake tu. Muulize mshikaji injini yake inagonga wapi, atakutolea macho. Hapa kwetu Tunduma, mpakani na Zambia, kutojua huko kuna gharama zake, tena kubwa.

Mjomba wangu ana Hilux kuukuu ya dizeli, injini ya 2L. Ndiyo inayobeba mahindi na kahawa kutoka Mbozi, na ndiyo inayolipa ada za watoto. Juni iliyopita mkanda wa taimingi ukakatika karibu na Mpemba, gari likazima ghafla. Likavutwa mpaka gereji, likafungwa mkanda mpya, likawashwa. Lo! Ta-ta-ta-ta, utadhani mtu anagonga bati.

Fundi hakuchukua hata dakika mbili. "Mzee, hiyo ni konrodi. Tafuta injini ya mtumba." Mjomba akarudi nyumbani akaanza kuchagua ng'ombe wa kuuza. Mkewe usiku ule hakugusa chakula.

Nikamwambia, "Mjomba, kabla hujauza, tumwone na mwingine." Tukaenda kwa mzee mmoja ambaye mafundi wenzake humwamkia shikamoo. Hakukimbilia spana. Alichukua bisibisi ndefu, ncha akaigusisha kwenye injini, mpini akaweka sikioni, kama daktari na mgonjwa wake.

"Mjukuu, hesabu," akaniambia. Konrodi iliyolegea hugonga kila krenkishafti ikizunguka mara moja. Kamshafti, inayosukuma valvu, huzunguka mara moja wakati krenkishafti imezunguka mara mbili. Kwa hiyo injini ikiwa sailensa kwa mizunguko 800 kwa dakika, mlio wa chini utakuwa 800, wa valvu 400. Huu wetu ulikuwa wa polepole, tena ulitoka juu. Konrodi ikaanza kutoka kwenye orodha.

Lakini nozeli mbovu nayo hugonga kwa mwendo huo huo. Basi mzee akavaa glovu na miwani, akalegeza nati za mipira ya chuma inayopeleka dizeli kwenye nozeli, moja baada ya nyingine. Silinda nzima ukiikata dizeli, injini huyumba. Nozeli ikiwa ndiyo mkorofi, mlio hukoma. Alipofika namba tatu, injini haikuyumba na mlio haukukoma. Yaani silinda ile ilikuwa haifanyi kazi kabisa, dizeli au bila dizeli.

Kwa nini? Mkanda ulipokatika, kamshafti ilisimama, pistoni zikaendelea kupanda. Moja ikaigonga valvu ikapinda. Valvu iliyopinda haifungi vizuri, kwa hiyo hewa haibanwi, na dizeli bila hewa iliyobanwa haiwaki. Hedi ilipofunguliwa, valvu ndiyo hiyo, imepinda kama msumari uliokosewa nyundo. Pistoni ilikuwa na alama tu.

Valvu, gasketi, kazi ya fundi, basi. Ng'ombe wapo zizini na watoto wapo shule.

Sasa wewe mwenye dizeli ya zamani, shika haya. Toyota za aina hii zina taa ya T-BELT kwenye dashibodi, huwaka kila kilomita 100,000 kukukumbusha kubadili mkanda. Ya mjomba aliyemuuzia alikuwa ameibandika plasta! Na mchezo wa kulegeza nati usijaribu kwenye dizeli za kisasa za komoni reli: presha yake hupita baa 1,000, dizeli inatoboa ngozi kama sindano.

Fundi akikuambia "injini imekufa", muulize amejuaje. Akishindwa kukuonyesha, funga boneti, mshukuru, ondoka. Sikio la pili ni rahisi kuliko injini ya pili.