Mume na Mke wa Kakamega Watembea London kwa Miguu

Wageni wengi wakifika London hupanda basi jekundu la ghorofa, wakazungushwa mjini kama magunia ya mahindi, na jioni wakasema wameuona mji. Yakini hawakuuona. Mji mkubwa huonekana kwa miguu, maana mguu ndio upimao umbali wa jambo na jambo. Hivyo ndivyo walivyofanya mwalimu mmoja mstaafu wa Kakamega na mkewe, mkulima wa mahindi na maharagwe, walipokwenda Uingereza mwezi wa Juni 2023 kumtazama binti yao, ambaye ni muuguzi huko.

Binti alikuwa na neno lake. Tangu watafutaji wa dhahabu waliporudi Ikolomani kupima miamba ya Isulu na Bushiangala, bei ya ardhi ya jirani imepanda, na mtu mmoja alikuwa ametaka kuzinunua ekari zao mbili zilizobaki. Binti aliona heri wauze, wapate nyumba ya kupangisha mjini. Mzee alielekea kukubali. Mama hakukubali wala hakukataa. Alisema tu kwamba atajibu baada ya kupumzika. Basi asubuhi ile binti aliwafikisha Hyde Park Corner kwa treni ya chini ya ardhi, akawaambia watakutana kwenye daraja la Westminster saa kumi na moja jioni, naye atakuwa na jibu la kumpelekea mnunuzi. Akaenda kazini.

Hawakupata taabu kuvuka njia, kwa kuwa magari ya Waingereza hupita kushoto kama yetu. Karibu na hapo waliona nguzo nne kubwa za mawe, zilizofunguliwa na Malkia Elizabeth mwaka 2002 kuwakumbuka watu wa Bara Hindi, Afrika na visiwa vya Karibi waliopigana katika vita viwili vikuu. Babake Mzee alikwenda Burma na jeshi la K.A.R. mwaka 1944, akarudi na koti moja na ugonjwa wa kifua. Mzee akavua kofia. Mama aliyatazama majina yaliyochorwa katika mawe, akauliza jina la mkwewe liko wapi. Mzee akamwonyesha neno Afrika.

"Ni kama kupeleka barua na kuandika juu yake 'Mtu wa Kakamega'," akasema Mama. "Itamfikia nani?"

Wakateremka na barabara ile ile hata wakatokea mbele ya jumba la mfalme. Mzee alitaka kuwatazama askari wenye kofia za manyoya ya dubu. Mama alitazama juu, pale ambapo sanamu yenye mabawa inang'aa dhahabu tupu juu ya ukumbusho wa Malkia Victoria.

"Mzee, hii si ya kwetu?"

Ualimu hautoki mwilini. Mzee akaeleza kwamba ukumbusho huo ulifunguliwa mwaka 1911, na dhahabu ya Kakamega ilivumbuliwa mwaka 1931. Mwaka huo huo Uingereza iliacha kubadilisha fedha zake kwa dhahabu, bei ya dhahabu ikapanda, na Wazungu ambao mashamba yao yalikuwa yakifilisika wakakimbilia Kakamega na mahema yao. Kwa hiyo sanamu haina hatia. Mama akakubali, ingawa aligeuka kuitazama mara mbili zaidi.

Si mbali na hapo ipo Lancaster House, ambapo viongozi wa Kenya walikuja kujadili katiba mwaka 1960, tena 1962, tena 1963. Masinde Muliro, ambaye chuo kikuu cha Kakamega kimepewa jina lake, alikuwa miongoni mwao. Wawili hao walisimama nje kidogo, wakapita. Katika uwanja wa Trafalgar, Mzee aliusifu mnara wa Nelson, ambao kwenda juu unapata mita 52 hivi. Mama alijibu kwamba mwamba wa Ilesi unasimama bila kujengwa na mtu, tena unalia.

Baadaye wakashika barabara ya Whitehall, na hapo mwendo wao ukawa wa polepole. Mzee alisimama kwenye lango la chuma la Downing Street, lenye polisi wenye bunduki. Watu wote walikuwa wakipiga picha nyumba ya Waziri Mkuu, lakini yeye alionyesha jengo kubwa la mawe lililo upande wa pili wa njia hiyo. Humo ndimo ilimokuwa Ofisi ya Makoloni hata baada ya Vita vya Pili.

Habari yenyewe Mama aliijua kwa upande wa nyumbani tu. Sheria ya mwaka 1930 iliwaahidi Waafrika ardhi ya hifadhi zao daima, na kwamba sehemu yoyote ikitolewa, watapewa nyingine ya ukubwa ule ule. Dhahabu ilipoonekana, Baraza la Kutunga Sheria la Nairobi, ambalo halikuwa na Mwafrika hata mmoja mpaka mwaka 1944, lilibadili sheria hiyo upesi mwezi wa Desemba 1932: ardhi ya machimbo ingeweza kutolewa kwa malipo ya fedha, wala si lazima wenyeji wa mahali waulizwe kwanza. Ofisi hii ya London iliridhia. Mapema mwaka 1933 wabunge wa hapa walibishana juu yake, na kwa haki ni lazima isemwe kwamba wengine walipinga kwa maneno makali. Sheria haikutanguka.

Babu yake Mama alikuwa mmoja wa waliolipwa. Alinunua ng'ombe wawili na baiskeli. Ng'ombe walikufa kwa maradhi. Baiskeli Mama aliikuta utotoni, imeegemezwa ukutani, haina magurudumu.

"Kutoka hapa mpaka kwa hao waliobishana ni mbali?" akauliza.

"Ni pale penye saa."

Mama akakaza leso kiunoni, akaanza kuhesabu hatua kwa sauti ya chini, kama apimaye shamba. Alipofika mlango wa Bunge hazijatimia elfu moja. Hakusema kitu. Mzee naye hakusema kitu, na kwa mtu aliyefundisha miaka thelathini na mitano hilo si jambo dogo.

Saa ilipogonga mara tano, yaani saa kumi na moja ya kwetu, walikuwa darajani, wakiutazama mto. Binti akaja mbio na mavazi ya kazi.

"Shikamoo baba, shikamoo mama. Mmeona nini leo?"

"Tumefika ofisi ya ardhi," Mzee akajibu.

Binti akacheka, akidhani ni utani. Alipomwona babake hacheki, akauliza amwandikie mnunuzi neno gani.

"Mwambie mama yako hauzi. Nami siuzi."

Mama alikuwa ameketi kwenye benchi, amevua kiatu cha kulia, akiusugua mguu. "Kwanza tafuta chai," akasema, "halafu utaandika."