Bao Moja Lina Uzito Wake

Katika mji wa Kakamega yuko karani mmoja ambaye siku za kazi huandika hesabu za magunia ya mbolea na mbegu katika duka la wakulima, na siku ya Jumapili huvaa glavu akalinda goli la timu ya kijijini kwao. Timu hiyo haina mishahara wala basi. Wachezaji wake ni waendesha bodaboda, wakata miwa, mwalimu mmoja, na vijana waliokwisha maliza shule lakini hawajapata kazi. Jezi zao hufuliwa na mama yake nahodha, na nauli ya kwenda kucheza ugenini huchangwa jioni ya Ijumaa. Hata hivyo wamo katika ligi, jina la timu yao limeandikwa katika orodha pamoja na mengine, nao hulitukuza jambo hilo.

Msimu mmoja timu hiyo ilisafiri kwenda kucheza na timu iliyokuwa ikiongoza ligi. Asubuhi jua lilikuwa kali, lakini kama ilivyo desturi ya nchi ile, alasiri mawingu yalikusanyika, na kabla ya nusu ya kwanza kwisha mvua kubwa ilinyesha na uwanja ukawa tope tupu. Wenyeji waliujua uwanja wao, wakaacha kuburura mpira chini na kuanza kuupiga juu, mbali, nyuma ya mafulbeki. Wageni hawakugeuza mchezo wao. Waliendelea kupeana pasi fupi fupi kama walivyofundishwa, na mara kwa mara mpira ulikwama katika tope nao wakaupita bila kukusudia. Filimbi ya mapumziko ilipolia, walikuwa wamekwisha fungwa mabao mawili.

Nusu ya pili ilipoanza walijitahidi sana, hata mara moja waligonga mwamba. Ndipo likaingia bao la tatu, ambalo wote waliapa kwamba mfungaji alikuwa ameotea. Wakamzunguka refa, wakapiga kelele, nahodha akaonyeshwa kadi ya manjano, na bao likabaki kuwa bao. Tangu hapo mchezo wao ulikufa. Fulbeki wa kulia alisimama mikono kiunoni. Fowadi mmoja aliomba atolewe nje, akisema kwamba haoni faida ya kuchafuka zaidi. Katika dakika kumi za mwisho yakaingia mabao mawili mengine, na la tano lilikuwa mpira uliokuja polepole, ambao golikipa mwenye moyo angeliudaka kwa kujitupa mara moja. Karani hakujitupa. Aliutazama ukipita, maana alijiambia moyoni kwamba kufungwa matatu na kufungwa matano ni mamoja.

Katika safari ya kurudi walimlaumu refa, wakalaumu mvua, kisha wakaanza kucheka mambo mengine. Hakuna aliyehesabu mabao. Hata karani, ambaye asingethubutu kuliacha gunia moja la mbolea bila kuliandika katika daftari, siku ile hakuandika kitu.

Ligi ilipokwisha, timu yao na timu ya jirani zilikuwa na pointi sawasawa, na nafasi ya kupanda daraja ilikuwa moja tu. Ikabidi mabao yahesabiwe, ya kufunga na ya kufungwa. Jirani waliwazidi kwa bao moja. Usiku ule karani alichukua kijitabu cha nahodha akapitia michezo yote, mstari kwa mstari, mpaka akafika kwenye ule wa tope. Akauona mpira uliokuja polepole. Hakumwambia mtu yeyote kwa muda wa mwezi mzima.

Jambo kama hili haliwapati wachezaji wa vijijini peke yao. Timu kubwa ya mji huo huo, Kakamega Homeboyz, ambayo uwanja wake wa nyumbani ni Bukhungu, ilimaliza Ligi Kuu ya Kenya ya msimu wa 2021/22 ikiwa na pointi 63, na Tusker ya Nairobi nayo ikawa na pointi 63. Baada ya michezo 34 pointi hazikuweza kuwatenganisha. Mabao ndiyo yaliyowatenganisha, na Homeboyz wakashika nafasi ya pili. Huko Uingereza mwaka 2012 timu mbili za mji wa Manchester zilimaliza zikiwa na pointi 89 kila moja, nayo City ikawapita United kwa tofauti ya mabao. Mwaka 1989 Arsenal na Liverpool zililingana kwa pointi na hata kwa tofauti ya mabao, ikabidi itazamwe ni nani aliyefunga mengi zaidi. Arsenal walikuwa na 73, Liverpool 65.

Hapo ndipo ligi ilipo mbali na mashindano ya kombe. Katika kombe, aliyefungwa moja na aliyefungwa saba wote huenda nyumbani, na habari yao imekwisha. Lakini ligi ni daftari ambalo halifungwi mpaka mwisho wa msimu. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hicho chaweza kujazwa hasara kama kiwezavyo kujazwa faida. Mkulima ambaye mvua ya mawe imemharibia nusu ya shamba lake la mahindi hawaachii ngedere nusu iliyobaki, bali huilinda kwa bidii kuliko zamani.

Msimu uliofuata timu ile ilirudi kwenye uwanja ule ule, na mvua ikanyesha tena. Safari hii waliupiga mpira juu, lakini wenyeji walikuwa bado hodari kuwazidi, na zilipobaki dakika kumi walikuwa wamefungwa mawili kwa sifuri. Karani aliwaita mafulbeki wake kwa majina, mmoja mmoja, akawaambia kwamba mchezo haujaisha. Mara mbili alijitupa katika tope mbele ya miguu ya mafowadi, na mara ya pili alipasuka mdomo. Filimbi ya mwisho ilipolia matokeo yalikuwa yale yale mawili. Mzee mmoja aliyekuwa akitazama chini ya mwavuli aliuliza kwa nini watu waliofungwa wanapeana mikono.

Mwaka huo pia hawakupanda daraja. Walimaliza katika nafasi ya tatu, nyuma ya timu mbili zilizowashinda kwa haki. Lakini karani alipofika nyumbani, kabla ya kunawa tope, alitwaa kijitabu, akaandika tarehe, jina la uwanja, na mabao mawili, akapiga mstari chini yake kama afanyavyo anapofunga hesabu za duka jioni.