Kabla Kosa, Baada Kosa

Simu ya mpwa wangu iliingia Jumapili baada ya adhuhuri, saa ambayo kwetu Mombasa mtu mwenye akili zake huwa amejinyoosha. Sikuipokea. Akatuma picha ya skrini ya laptopu yake, na chini yake maneno matatu: "Mjomba, nimekosea wapi?"

Niieleze hiyo picha, maana najua wengi mnaopita hapa ni watu wa riwaya na mashairi. Programu za kompyuta huandikwa kwa maandishi ya kawaida tu, ndani ya chombo kinachoitwa kihariri. Mimi natumia Vim, kihariri cha kale kisicho na vitufe wala mapambo. Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikitunza programu-jalizi yake moja ndogo. Ukihifadhi faili la Python, jalizi inalipeleka kwa kikaguzi kiitwacho pycodestyle, inapokea orodha ya makosa ya mtindo, kisha inabandika alama nyekundu pembeni mwa kila mstari wenye kasoro. Makosa ya mtindo, si ya kazi. Programu inaweza kwenda vizuri kabisa na bado ikawa nyekundu juu hadi chini, kama insha yenye hoja nzito ambayo mwandishi wake hajui koma inakaa wapi.

Sikuianzisha mimi. Niliirithi kwa mtu aliyechoka, na wakati ule sikuelewa amechoshwa na nini, kazi yenyewe ni mistari mia chache tu. Mshahara hakuna. Shukrani huja mara moja kwa mwaka. Lawama huja kila Vim au Python inapotoa toleo jipya.

Basi, mpwa wangu. Ndiyo kwanza ameanza chuo, na zoezi lake la kwanza la Python alilifanyia nyumbani: dada yangu hupika mahamri ya kuuza, na binti akataka kujua faida ya wiki inabaki kiasi gani ukitoa unga, sukari, nazi na mafuta. Skrini yake ni ndogo, kwa hiyo hesabu ile aliikata mistari miwili. Alama ya kutoa akaiweka mwanzoni mwa mstari wa pili. Nyekundu: W503, umekata mstari kabla ya alama. Akaihamisha mwisho wa mstari wa kwanza. Nyekundu: W504, umekata mstari baada ya alama. Akairudisha. Akaihamisha tena. Aliniambia baadaye kwamba alikaa na mchezo huo karibu saa nzima, akiamini kuna mahali pa tatu ambapo watu werevu huiweka.

Jinsi sheria mbili zinazopingana zilivyoingia kwenye kikaguzi kimoja ni hadithi inayoeleweka. Mwongozo wa mtindo wa Python, PEP 8, uliandikwa na Guido van Rossum na Barry Warsaw mwaka 2001. Kwa miaka mingi ulitaka mstari ukatwe baada ya alama. Mwaka 2016 ukageuza kauli: katika kodi mpya, heri kukata kabla, kwa sababu jicho linaiona alama mapema pamoja na namba yake. Kumbe kikaguzi kilikuwa tayari na sheria ya kukataza hilohilo, na mwaka 2018 ikaongezwa ya pili ya kukataza kinyume chake, ili kila mradi uchague ya kwake. Waliokitengeneza wakazilaza zote mbili. Ukikitumia bila kugusa kitu, husikii W503 wala W504.

Nani basi aliyeziamsha kwenye laptopu ya mtoto wa dada yangu? Mimi. Na niliziamsha kwa huruma.

PEP 8 inataka mstari usizidi herufi 79. Namba hiyo ina ukoo mrefu. Terminali za zamani zilikuwa na upana wa herufi 80, na upana huo ulitoka kwenye kadi za kutobolewa ambazo IBM ilizitoa mwaka 1928. Mwaka huo kwetu una habari nyingine. Ndio wa mkutano uliochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mkutano wenyewe ulifanyika Mombasa. Yaani wageni walikuja mpaka uani petu, na Kimvita chetu kikabaki kuosha vyombo.

Haya si malalamiko ya historia tu. Nilipokuwa darasa la nne niliandika insha kuhusu bibi yangu. Aliniita tukautazame mwezi mwandamo, na mimi nikaandika kama alivyosema: "Ndoo, ndoo utizame." Mwalimu akaizungushia kalamu nyekundu, na pembeni akaandika, "Ndoo ya maji?" Kisha akalisomea darasa. Walicheka hata waliokuwa wakiitwa "ndoo" na mama zao asubuhi ileile. Sikuandika tena neno la bibi kwenye daftari la shule, na insha zangu zikapata alama nzuri, zikawa hazina mtu ndani yake. Kiswahili sanifu nakihitaji, ndicho ninachowaandikia hapa mkanielewa. Ila ile kalamu naikumbuka mpaka rangi yake.

Kwa hiyo nilipoirithi jalizi, jambo la kwanza nililofanya ni kuizima sheria ya herufi 79, inayoitwa E501. Majina ya Kiswahili ni marefu, nikajiambia. Mtu akiandika gharama_ya_unga na mauzo_ya_asubuhi, mstari unajaa kabla hajasema kitu. Nikaongeza agizo la neno moja: puuza E501. Nikajiona mungwana.

Sikusoma maelekezo hadi mwisho. Kikaguzi kina orodha yake ya vitu vya kupuuza, na ukikipa orodha yako, hakiongezi juu ya ile ya mwanzo. Kinaitupa yake na kuchukua yako. Orodha yangu ilikuwa na kitu kimoja. Kila kilichokuwa kimelazwa kikaamka, pamoja na wale mapacha wawili wasioelewana. Nilimwondolea mwanafunzi sheria moja inayotimizika, nikampa mbili ambazo haiwezekani kuzitimiza kwa pamoja.

Kinachonichoma si hilo. Miezi mitano kabla ya simu ile, mtu nisiyemjua alikuwa ameniandikia kwa Kiingereza cha kuungaunga kwamba jalizi yangu inamkataza pande zote mbili. Nilikuwa nimetoka kazini, umeme umerudi saa nne usiku. Nikamjibu asome mwongozo vizuri, nikafunga shauri lake. Nimeenda kuisoma barua ile tena. Alikuwa ameeleza kila kitu, mpaka namba za mistari. Nilichokisoma usiku ule ni makosa yake ya sarufi.

Nilimpigia mpwa wangu jioni. Nikamweleza kosa ni langu, si lake.

"Si lako, Mjomba," akasema kwa adabu. "Mimi tu bado sijazoea."

"Nakwambia ni langu."

Kimya. Kisha: "Na ile mistari ya chini ya maneno, nayo ni kosa lako?"

Mistari ipi? Kumbe. Jalizi ilikuwa pia inawasha ukaguzi wa tahajia ndani ya maelezo, yale maneno ambayo mwandishi huwaandikia binadamu wenzake na kompyuta huyaruka. Lugha niliyoiweka ni Kiingereza. Yeye aliandika: "mama asipouza yote, yanayobaki yahesabiwe kesho." Karibu maneno yote yamepigiwa mstari. Alikuwa ameyafuta na kuandika mawili ya Kiingereza, "carry over", ambayo mama yake, aliyeombwa asome hesabu ile, hakuyaelewa.

PEP 8 yenyewe ina kauli juu ya hili. Inawaomba wasiotoka nchi za Kiingereza waandike maelezo kwa Kiingereza, isipokuwa wawe na hakika ya asilimia 120 kwamba kodi yao haitasomwa na mtu asiyejua lugha yao. Kwa mradi wa dunia nzima naikubali kauli hiyo. Kwa mahamri ya dada yangu, hakika ninayo ya asilimia 200.

Usiku ule nilikaa kurekebisha. Nilipofungua Vim kwa mara ya kwanza, zamani, skrini ya mwanzo iliniomba niwasaidie watoto maskini wa Uganda. Nilidhani laptopu imeingiliwa na matapeli. Kumbe Bram Moolenaar, Mholanzi aliyeiunda, alikuwa amejitolea kufanya kazi Kibaale, kusini mwa Uganda, na programu yake akaitoa bure kwa ombi hilo moja. Alifariki Agosti 2023, na wengine wakaendelea na kazi. Nilipenda kwamba chombo kikavu kama kile kilikuwa na jirani yangu ndani yake. Halafu mimi, mtu wa hapahapa, nikakifundisha kuona maneno ya kwetu kuwa uchafu.

Marekebisho yalikuwa mistari sita. Orodha ya kupuuza niliiandika yote kwa mkono, na E501 mwishoni mwake. Ukaguzi wa tahajia nikauzima, anayeutaka auwashe mwenyewe na ataje lugha. Kisha nikalifungua shauri la yule mtu wa miezi mitano, nikaandika kwamba alikuwa sahihi na mimi sikumsikiliza. Hajajibu. Pengine amehamia kihariri kingine, au ameacha kabisa kuandika Python, na hilo la pili silipendi kulifikiria.

Mpwa wangu mwenyewe alikuwa ameshahama. Wenzake chuoni wanatumia kihariri kingine, chenye picha na rangi, na sikumlaumu. Wiki iliyopita hata hivyo alinitumia lile faili, akasema nilipitishe kwangu nione. Mistari 63. Maelezo yamerudi Kiswahili, na kwenye gharama ameongeza mkate wa sinia na kigeu kinachoitwa unga_wa_mtele. Mtele, kama bibi yangu alivyousema, si mchele. Sikuuliza kama ni kusudi.

Alama nyekundu ilikuwa moja: W291, nafasi tupu mwishoni mwa mstari wa 12. Nikamtumia picha.

"Hiyo ni haki," akaniandikia. "Nitaifuta."