KISIWA WALICHOACHIWA NDEGE

Kaskazini-magharibi ya Marekani, katika jimbo la Washington, uko mlango wa bahari uitwao Juan de Fuca, upelekao maji ya Pasifiki ndani ya bara. Humo, mbele ya Ghuba ya Discovery, kimelala kisiwa kidogo cha ekari zisizofika 400, kiitwacho Protection Island, yaani Kisiwa cha Ulinzi. Jina hilo alilitoa Kapteni George Vancouver wa jeshi la maji la Uingereza mwaka 1792. Kwa jicho la askari, aliona kuwa kisiwa kimekaa mbele ya bandari mfano wa ngome.

Kisiwa hiki ni mchanga, changarawe na udongo vilivyoachwa na barafu kuu ya zama za kale. Kingo zake ni magenge marefu, na kwenye ncha zake mbili ndimi za mchanga zimejitokeza baharini, ambako sili hupanda kupumzika.

Hali yake ya hewa yastahili kuelezwa. Pepo zenye unyevu hutoka Pasifiki, hupanda Milima ya Olympic na kuangusha mvua upande wa magharibi, ambako misitu hupata zaidi ya milimeta 3,000 kwa mwaka. Zivukapo vilele, zimekwisha kukauka. Pwani iliyo jirani na kisiwa hupata kiasi cha milimeta 400 tu. Majira ya baridi si makali, na kiangazi ni kikavu, joto la mchana likikaribia sentigredi 20.

Udongo wake laini ndio utajiri wake. Maelfu ya ndege weusi wa baharini, wenye kijipembe juu ya mdomo, huchimba humo mashimo marefu, na kila jozi hutaga yai moja. Mchana huvua samaki. Giza likiingia hurejea na samaki wamepangwa mdomoni kulisha kinda.

Hata hivyo, kisiwa kilikatwa viwanja vya kujengea nyumba za mapumziko. Bibi Eleanor Stopps na wenzake walipigania ndege hao, na mwaka 1982 Rais Reagan alitia sahihi sheria ya kukifanya hifadhi ya taifa.

Leo wageni hawaruhusiwi kushuka, na vyombo havina budi kukaa umbali wa yadi 200. Tusidhani kuwa huo ni ukali usio na sababu: mguu mmoja ukikanyaga paa la shimo, kinda hufukiwa akiwa hai.