Kasha Lisilo na Kitasa

Katika milima ya Hakone, kiasi cha kilometa 80 kusini-magharibi ya Tokyo, miti ya namna nyingi huota pamoja, na kila mmoja una rangi yake: mweupe, wa manjano, wa kahawia, hata wa kijani kilichofifia. Kwa utajiri huo mafundi wa huko hutia nakshi makasha yao pasipo kutumia tone la rangi. Kazi hiyo huitwa yosegi, na mwanzilishi wake hutajwa kuwa ni Ishikawa Nihei wa kijiji cha Hatajuku, aliyeishi tangu 1790 hadi 1850. Kijiji hicho kilikuwa kando ya Tokaido, njia kuu iliyounganisha Edo na Kyoto, na wasafiri walinunua hapo vyombo vidogo vya mbao kuwa zawadi.

Fundi hukata vijiti vya miti mbalimbali, akaviunganisha kwa gundi hata vikafanya nyota, magamba au miraba, kisha hulipitishia randa bonge hilo. Kinachotoka ni ukanda mwembamba kama karatasi, nao ndio hubandikwa juu ya kasha. Kwa maseremala wetu maranda ni taka za kufagiwa. Kule ndiyo pambo lenyewe. Watakuwapo watakaosema kwamba pambo la kubandikwa ni la juujuu. Hatukubaliani nao, kwani kijiti kilichokaa upande kidogo hujirudia katika kila ukanda utokao katika bonge lile.

Lililotushangaza zaidi ni kasha la siri, lisiloonyesha kitasa wala bawaba. Mwenye kulifungua husogeza kibao cha ubavuni kidogo tu, kisha kingine, mara 4, mara 10 au 21, na yapo yanayodai mara 72, kwa mpangilio usiobadilika. Wazee wetu wa pwani wangetabasamu: kasha la Unguja lenye misumari ya shaba nalo aghalabu huficha visaraka vya siri.

Mwaka 1974 Japani ilitunga sheria ya kukuza kazi za mikono za jadi, na yosegi ya Hakone ikatambuliwa mwaka 1984. Katika masharti yake, lililotupendeza ni lile linalotaka chombo kiwe cha kutumika katika maisha ya kila siku. Nasi tukajiuliza ni makasha mangapi ya Unguja yangali yanatiwa kanga na hati za shamba, na mangapi yamegeuka kuwa meza za kuwekea magazeti hotelini.