Kukataa Kuna Adabu Yake

Wanangu,

Nawaandikia nyote popote mlipo kambini, ninyi vijana mlioko Dar es Salaam, Mbeya na Kagera, na ninyi mabinti mliosajiliwa msimu huu. Filimbi na mfuko wa mipira nimekwisha kumkabidhi atakayeendelea na watoto hapa Tanga. Miguu hainibebi tena kwenye jua la saa kumi, na daktari ameniambia maneno ambayo mtu mzima huyaelewa bila kurudiwa. Kwa hiyo haya yapokeeni kama wosia. Habari za mazoezi, lishe na mikataba mtaelezwa na wanaozijua kuliko mimi. Mimi nawaachia jambo moja: namna ya kukutana na shabiki mahali usipomtarajia. Sokoni, ndani ya mwendokasi, kwenye foleni ya benki, mlangoni mwa hospitali, msibani.

Uwanjani shabiki ni umati. Uwanja wa Benjamin Mkapa ukijaa una watu 60,000, na hakuna mchezaji anayeona uso wa mtu pale. Ukitoka nje, umati ule unageuka kuwa mtu mmoja mwenye jina lake, aliyekata tiketi ya mzunguko kwa pesa ya mauzo ya siku nzima ya machungwa. Huyu anakujua. Anajua ulizaliwa wapi, goti gani liliumia, penalti gani ulikosa. Amekaa nawe miaka, na wewe ndiyo kwanza unamwona. Kwako yeye ni mtu wa arobaini kukusimamisha siku hiyo. Kwake wewe ni wa kwanza, pengine na wa mwisho. Atakachokiona katika nusu dakika ile ndicho atakachokisimulia mpaka uzeeni.

Nimekaa sana kwenye baraza za kahawa za mji huu nikiwasikiliza wazee wakibishana juu ya wachezaji wa zamani. Mabao huyasahau, au hubishana nani alifunga. Alikuwapo mvuvi mmoja wa Deep Sea, Mungu amrehemu, ambaye hakukumbuka matokeo ya mechi hata moja ya mchezaji aliyempenda. Alichokumbuka ni kwamba mchezaji yule alimsaidia kushusha kapu la samaki kwenye basi, akamwuliza bahari imeamkaje. Alilisimulia hilo kana kwamba ni la juzi, na kila aliposimulia alisimama.

Hata ng'ambo yapo ya namna hii. Mchezaji wa Ufaransa, N'Golo Kanté, Septemba 2018, miezi miwili tu tangu atwae Kombe la Dunia kule Moscow, alicheza na Chelsea yake dhidi ya Cardiff wakashinda 4-1. Baada ya mechi alikuwa aende Paris kwa treni, treni ikamwacha. Akaingia msikiti ulio karibu na stesheni ya King's Cross, London, akasali. Pale akakutana na shabiki aliyemkaribisha nyumbani kwake kula. Kanté akakubali. Wakala mchuzi wa kuku, wakacheza mchezo wa mpira wa kwenye luninga, wakatazama pamoja mabao ya siku ile. Hakukuwa na mdhamini wala mkataba wa tangazo. Kijana alialikwa, alikuwa na nafasi, akaenda.

Siwaambii mle kila nyumba mtakayoitwa. Mtachoka, na wengine wanaowaita hawawaiti kwa heri. Hapa ndipo penye kiini cha wosia wangu: mnaruhusiwa kukataa, hamruhusiwi kudharau. Watu wengi, wachezaji na mashabiki pia, wamechanganya mambo hayo mawili. Mchezaji anadhani akitaka kujilinda lazima anune, na shabiki anadhani akinyimwa picha ametukanwa.

Kukataa kuna adabu yake. Kwanza simama, hata kama ni kwa pumzi moja. Mtazame mtu usoni. Mwite kwa heshima ya umri wake: mzee wangu, mama, dada, mdogo wangu. Kisha sema sababu, kwa maana sababu ndiyo inayomwonyesha kwamba umemhesabu kuwa mtu. "Samahani mama, nimempeleka mgonjwa, leo sitaweza picha." "Nisamehe kaka, tupo msibani, tukimaliza kuzika tutasalimiana." Mpe mkono, uendelee na safari yako. Kati ya mia, tisini wataelewa na watakuombea dua. Kumi waliobaki wasingeridhika hata ungewapa jezi uliyovaa. Hao waacheni bila neno.

Kuna mahali ambapo kukataa ni wajibu kabisa. Mkiwa mnakula, mkiwa na wazazi wenu wagonjwa, mkiwa na mtoto mchanga, na makaburini. Mchezaji anayechekea kamera kwenye msiba wa watu anadhani anamfurahisha shabiki, kumbe anawavunjia heshima wafiwa. Na kabla ya kukubali picha, tazameni kilicho mkononi mwa mwenzenu na maandishi ya fulana yake. Wakati wa uchaguzi, kofia moja ya chama ndani ya picha moja itawafanya muonekane mmefanya kampeni ambayo hamkuifanya.

Ninyi mabinti, nanyi nina neno lenu. Mchezaji wa kiume akisimamishwa barabarani, mara nyingi anaulizwa habari za mpira. Ninyi mtaulizwa habari za mpira, kisha za mume, kisha mtu ataweka mkono kiunoni mwenu kwa kisingizio cha picha. Adabu ninayoisema haiwadai mvumilie hilo. Ondoeni mkono huo mara moja na kwa sauti ya kusikika, na kama mtu ameshikilia, ondokeni. Heshima kwa shabiki haijawahi kuwa ruhusa ya kuguswa. Ila msichana wa miaka tisa mwenye raba zilizochanika akiwatazama kwa mbali na kuogopa kusogea, huyo mfuateni ninyi. Yeye hajaona wengi wa kuwatazama.

Sasa kuna huyu shabiki mpya, ambaye wakati wetu hakuwapo. Huyu hana uchungu wa timu, ana uchungu wa mkeka wake wa kubeti. Atakukuta kwenye daladala au dukani akuambie umemchania mkeka, kwamba bao ulilokosa dakika ya 88 limemlia laki mbili. Wengine watasema umeuza mechi. Ni neno zito, na najua litakavyowachoma, kwa sababu mnajua jinsi mlivyolia chumbani baada ya mechi ile. Msijibizane. Semeni "pole, kaka," na mwendelee. Mkianza kueleza, tayari simu tatu zinarekodi, na kesho kipande cha sekunde kumi kitazunguka nchi nzima bila lile tusi lililoanza. Mtu akiinua mkono, hapo siyo suala la adabu tena: ondokeni, toeni taarifa kwa uongozi na polisi.

Hasira ya dakika moja ina gharama yake. Januari 1995, Eric Cantona wa Manchester United alipewa kadi nyekundu kwenye mechi na Crystal Palace. Akiwa anatoka, shabiki mmoja akamtolea maneno machafu, naye akaruka akampiga teke palepale jukwaani. Alifungiwa mpaka mwisho wa Septemba, mahakama ikamhukumu saa 120 za kuitumikia jamii, na timu yake ikaukosa ubingwa msimu ule kwa pointi 1. Yule angalau alitukanwa. Aprili 2022 Cristiano Ronaldo, akitoka uwanjani baada ya kufungwa 1-0 na Everton, aliupiga mkono wa mtoto wa miaka 14 uliokuwa umeshika simu, simu ikaanguka chini. Mtoto hakuwa amemkosea kitu. Ronaldo aliomba radhi, na bado akafungiwa mechi 2 na kutozwa faini ya pauni 50,000. Hasira aliyoibeba ilikuwa ya mpira, akaishusha kwa aliyekuwa karibu. Mkifungwa, kabla ya kutoka chumba cha kubadilishia nguo, kaeni kwanza hasira ishuke.

Lakini wengi wenu sihofii hasira zenu. Nahofia haya zenu. Nawajua tangu mlipokuwa mnakimbia peku: wengine mkisemeshwa na mgeni mnaangalia chini. Mtaani haya za mtu maarufu zinasomwa kuwa ni maringo, na hakuna atakayewauliza mlimaanisha nini. Juu ya hilo nawapa habari ya Kinshasa, kwa maana sijaona funzo kubwa kuliko lile.

Mwaka 1974 mabondia wawili weusi wa Marekani, Muhammad Ali na George Foreman, walikwenda Zaire, yaani Kongo ya leo, kugombea ubingwa wa dunia wa uzito wa juu. Pambano lilipangwa Septemba. Foreman akachanika juu ya jicho mazoezini, likasogezwa hadi Oktoba 30, kwa hiyo wote wawili wakakaa nchini kwa wiki nyingi. Ali aliweka kambi N'Sele, kando ya mto, nje ya mji. Alikimbia barabarani na watu, akataniana na watoto, akapiga soga na kila aliyesogea. Foreman alikuja na mbwa wake, wa jamii ya mbwa wa Kijerumani. Kwa Wakongo mbwa wa namna ile alikuwa mbwa wa askari wa Kibelgiji, na uhuru ulikuwa na miaka 14 tu. Waliokumbuka ukoloni walikuwa bado vijana. Foreman alikuwa mweusi kama wao, na hakumtukana mtu yeyote. Alifuga mbwa tu. Ila alijitenga, na aliyejitenga hana wa kumwambia kwamba mbwa wake anawaumiza watu.

Usiku wa pambano uwanja mzima uliimba jina la Ali. Foreman aliangushwa raundi ya 8, na aliyemwangusha ni Ali kwa ngumi na akili yake. Sitaki mniambie nimesema vingine. Nasema tu kwamba bingwa wa dunia alipanda ulingoni akiwa mgeni kabisa katika nchi ambayo alikwisha kuishi zaidi ya mwezi, nchi ya watu wa rangi yake, walio tayari kumpenda.

Na mtu hubadilika. Foreman yule baadaye akawa mhubiri huko Texas, akafungua kituo cha vijana, akarudi ulingoni, na mwaka 1994, akiwa na miaka 45, akautwaa tena ubingwa wa dunia. Safari hii watu walimpenda, kwa sababu alikuwa amejifunza kucheka nao. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba yeye "ndivyo alivyo." Anzeni na salamu. Salamu haihitaji ufasaha.

Mfano wa karibu wa kutojitenga ni jirani yetu wa Kaptagat, Kenya. Agosti 10, 2024, kwenye marathoni ya Olimpiki ya Paris, Eliud Kipchoge, aliyekuwa ametwaa dhahabu mbili mfululizo, aliumwa mgongo akabaki nyuma kabisa. Baada ya kilomita 30 hivi akaacha kukimbia. Mtu wa kwanza kukimbia marathoni chini ya saa mbili, pale Vienna mwaka 2019, sasa anatembea kandokando ya barabara, na watu wamemzunguka. Angeweza kuufunika uso. Alitembea nao, akawagawia viatu vyake na vitu vingine alivyovaa, kisha akapanda gari. Ile ilikuwa siku mbaya kuliko zote katika mbio zake, na wale waliokuwa kandoni wamebaki na viatu na soksi za bingwa.

Liko jambo jingine linaloniudhi, na nalisema waziwazi. Nimewaona wachezaji wakiinuka vitini kumpokea mdhamini mwenye gari jeusi, kisha wakampita msukuma mkokoteni aliyewaita kwa jina kana kwamba ni nguzo ya umeme. Mdhamini akiondoka, msukuma mkokoteni bado yupo mzunguko, kwenye mvua, timu ikiwa ya kumi na mbili. Nisisikie mmoja wenu amefanya hivyo.

Na msichague shabiki kwa rangi ya jezi. Anayewazomea leo kwa sababu mko upande wa pili wa Kariakoo, kesho anaweza kuwa wa kwenu. Mwaka 2024 mchezaji Clatous Chama alihama Simba ya Msimbazi akaenda Yanga ya Jangwani, na waliomzomea wakaanza kuliimba jina lake. Shabiki wa timu pinzani anayevuka barabara kuja kuwasalimu amefanya ungwana mkubwa kuliko wa shabiki wenu. Mlipeni kwa kiasi hicho.

Basi, wanangu, nina ombi. Msimu huu baadhi yenu mtakuja kucheza hapa Tanga, uwanja wa Mkwakwani. Watoto wa timu yetu watakuwa getini wanalisubiri basi, kwa sababu mimi nimewaahidi kwamba mtakuja, na sijui kama nitakuwapo. Msishuke na hedifoni masikioni. Waulizeni kila mmoja jina lake, na kama kocha amekataza kusimama kabla ya mechi, waambieni hivyo kwa midomo yenu, kisha mkimaliza kucheza rudini getini.

Mimi mwalimu wenu,
Tanga