Usiusahau Ua Unapojenga

Mgeni anayefika Mwanza kwa meli hupokewa na mawe. Jiwe la Bismarck limesimama majini, na nyuma yake vilima vimebeba miamba mikubwa, na nyumba zimejibanza katikati yake. Ni mji mzuri kuutazama. Lakini mgeni akiishia barazani, Mwanza ya akina mama hataiona. Hiyo iko uani.

Pita Mirongo, Mbugani au Kirumba. Nyumba nyingi za zamani ni za mtindo wa Kiswahili uliotoka pwani: baraza mbele, ukumbi katikati wenye vyumba kulia na kushoto, na nyuma ua wenye jiko, stoo na choo. Baraza ni la baba na wageni wake. Uani ndiko mama anakotawala. Huko dagaa na michembe huanikwa, watoto huogeshwa, na jirani aliyekuja kuomba chumvi huondoka na ushauri pia.

Wasukuma nao walikuwa na desturi yao tangu zamani. Kaya ilikuwa nyumba za msonge zilizozunguka uwanja, pamoja na zizi la ng'ombe, na nje uzio wa minyaa. Wapeleke watoto Makumbusho ya Bujora, Kisesa, kiasi cha kilomita 20 kutoka mjini, wajionee jinsi mababu walivyojenga.

Nchi zinazozunguka Bahari ya Mediterania zimejenga hivyo kwa maelfu ya miaka. Warumi waliacha uwazi katikati ya paa ili mvua iingie katika birika chini yake. Huko Córdoba, Hispania, familia hupamba nyua zao kwa maua kila mwezi Mei, na mwaka 2012 UNESCO iliiweka sikukuu hiyo katika orodha ya urithi wa binadamu. Huko Misri, Hassan Fathy, msanifu majengo aliyefariki mwaka 1989, alijenga kijiji cha Gourna Mpya kwa matofali ya udongo, kila nyumba na ua wake. Alieleza kwamba hewa baridi ya usiku ni nzito. Hutua uani, ikavipoza vyumba hata jua likisha kupanda.

Lakini kwetu sisi wa kando ya ziwa, mfano unaogusa moyo ni Kapernaumu, mji wa wavuvi kama sisi. Mapadre Virgilio Corbo na Stanislao Loffreda, Wafransisko, walianza kuchimba huko mwaka 1968. Walikuta vyumba vidogo vya mawe meusi vilivyozunguka nyua, na humo tanuri za mkate. Paa zilikuwa za miti, matawi na udongo. Ndiyo maana, katika Marko sura ya 2, watu wanne waliweza kulitoboa dari na kumshusha mwenzao aliyepooza.

Sasa tazama nyumba tunazojenga leo pembezoni mwa mji. Jumba huwekwa katikati ya kiwanja, fensi ndefu na geti la chuma, na nyuma hubaki ujia wa kupitisha ndoo tu. Mvua ikinyesha, jiko la mkaa huingizwa koridoni. Mama mwenzangu, hilo ni jambo la kufa na kupona: hewa yenye sumu itokayo kwenye mkaa haina harufu, na imeua watu wakiwa usingizini. Tena bibi akija kutoka kijijini hana mahali pa kukaa akachambua maharage huku akisimulia. Hukalishwa kwenye kochi mbele ya televisheni kama mgeni.

Basi zungumza na mume wako kabla msingi haujachimbwa, kwa maana ukuta ukishasimama ni gharama kuuhamisha. Mwambieni fundi apange vyumba kwa umbo la herufi U, vikumbatie ua, hata kama ni hatua sita kwa sita. Mwanza iko karibu na Ikweta, hivyo jua kali hupiga kuta za mashariki na magharibi. Huko ndiko paa itokeze zaidi. Jiko la mkaa lipate kibanda chake uani, kisicho na ukuta upande mmoja. Sakafu iteremke kidogo kuelekea mfereji. Wekeni na tangi: paa la mita za mraba 100, mvua ya milimita 20 ikinyesha, hutoa karibu lita 2,000 za maji. Lifunikwe vema, kwa ajili ya mbu na kwa usalama wa watoto.

Walio wapangaji wanajua kwamba ua una majaribu yake pia. Bili ya maji, zamu ya kufagia na umbea vimegombanisha wengi. Petro naye alimkana Bwana akiwa uani, karibu na moto. Ukuta mzuri hauwezi kutulindia ulimi. Hiyo ni kazi yetu wenyewe.

Katika zile nyumba za Kapernaumu ndimo mama mkwe wa Simoni alimolala na homa. Bwana aliingia, akamshika mkono, naye akainuka akawahudumia. Tujenge nyumba ambamo mama ana mahali pa kuhudumia, pa kupumzika, na pa kuwaona wanawe wakicheza.